Mahindi ya Kiberege: Pima Udongo Kabla ya Kununua Fosfati

Huenda baadhi ya wanachama wakauliza, gazeti la wakulima wa karafuu lina shughuli gani na mahindi ya Kiberege? Jibu letu ni fupi. Karafuu huleta fedha, lakini hazipikwi sima. Kila mwenye shamba jipya la mikarafuu anajua kwamba miche hupandwa mbalimbali, na kwa miaka kadhaa ya kwanza nafasi iliyo katikati hupandwa muhogo, ndizi, na mara nyingine mahindi. Wanachama wengi tena wana makonde mbali na mikarafuu, nao hununua mbolea za chumvichumvi kwa ajili ya makonde hayo. Fedha ya mbolea hutoka katika mfuko ule ule wa karafuu. Basi yafaa tujue kama inatumika vizuri au inatupwa.

Tumechagua Kiberege kwa sababu pale somo hili laonekana kwa macho. Kiberege iko katika bonde la mto Kilombero, mkoa wa Morogoro, katika njia itokayo Mikumi, ikavuka mto kule Kidatu, ikapita Mang'ula, na kufika Ifakara. Upande mmoja imesimama milima ya Udzungwa. Upande wa pili ardhi yashuka polepole mpaka kwenye mbuga pana ambayo hufurika maji wakati wa masika. Watu wa huko hulima mpunga zaidi, na baada ya mpunga hulima mahindi. Mkulima mmoja aweza kuwa na konde la mahindi chini ya mlima na konde jingine ukingoni mwa mbuga, na mwendo kutoka moja hata jingine si mrefu. Lakini makonde hayo si ndugu. Ule wa mlimani ni udongo ulioletwa na vijito kutoka juu, wenye chembe nzito na mara nyingi wenye wekundu. Ule wa mbugani ni udongo mzito, wa rangi ya kijivu au nyeusi, uliotuama kutoka katika maji ya mafuriko.

Sasa tumfikirie mkulima huyo amenunua mfuko mmoja wa fosfati, akaugawa nusu kwa nusu. Konde moja likamjibu vizuri, konde la pili lisijibu kitu. Atasema nini? Aghalabu atasema kwamba mbolea ilikuwa mbovu, au muuzaji amemdanganya. Yawezekana, maana wadanganyifu wapo. Lakini yawezekana pia kwamba mbolea ilikuwa njema na muuzaji mwaminifu, ila konde la pili halikuhitaji fosfati, au lilihitaji kitu kingine kwanza, au liliikamata fosfati ile na kuifungia. Mambo hayo matatu hayatambulikani kwa kutazama udongo. Hutambulikana kwa kuupima.

Fosfati ni nini? Mmea una vyakula vingi, na vitatu vikubwa vinavyotoka ardhini ni naitrojeni, fosforasi na potasi. Naitrojeni hukuza majani. Fosforasi hufanya kazi ya mizizi na ya kupeleka nguvu ndani ya mmea, na bila hiyo hindi haliwezi kuanza maisha yake vizuri. Mbolea yenye fosforasi ndiyo tunayoiita fosfati. Hindi huihitaji mapema kabisa, katika majuma ya kwanza, wakati mizizi yake bado ni mifupi kama vidole vya mtoto. Likikosa wakati huo, kulipa baadaye hakusaidii sana.

Dalili yake ni hii: mche hudumaa, na majani ya chini hugeuka rangi ya zambarau kuanzia ukingoni. Lakini twawaonya wanachama wasiitegemee dalili hii peke yake. Ziko mbegu za mahindi ambazo zina zambarau kwa asili yake, na mche uliopatwa na baridi au ulioliwa mizizi na wadudu huonyesha rangi hiyo hiyo. Tena shamba laweza kukosa fosforasi kiasi cha kupunguza mavuno bila jani hata moja kugeuka rangi.

Tabia kubwa ya fosforasi, na hapa ndipo penye kiini cha jambo, ni kwamba haitembei. Naitrojeni huyeyuka katika maji ya mvua na kwenda zake. Fosforasi hukaa pale ilipowekwa, na isipofikiwa na mzizi upesi, udongo wenyewe huikamata. Katika udongo mwekundu na mchachu, chuma na alumini huishika. Katika udongo wenye chokaa nyingi, chokaa huishika. Katikati ya hali hizo mbili ndipo mmea unapoipata kwa urahisi zaidi. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kuwa na udongo wenye fosforasi nyingi ndani yake na mahindi yake yakafa njaa, kama mtu mwenye ghala iliyojaa ambaye ufunguo wake umepotea.

Mbugani kuna jambo jingine tena, nalo lastahili kuelezwa kwa utaratibu kwa sababu huwachanganya hata watu wazoefu. Udongo ukifunikwa na maji kwa majuma mengi, hewa huondoka, na chuma kilichokuwa kimeishika fosforasi hubadilika na kuiachilia. Mpunga uliomo ndani ya maji huipata bila taabu. Maji yakiondoka na ardhi ikakauka, chuma kile hurudi katika hali yake ya hewa, na safari hii huishika fosforasi kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo. Basi mkulima aliyevuna mpunga mzuri bila mbolea, akapanda mahindi papo hapo baada ya mafuriko, aweza kushangaa kuona miche yake imedumaa katika ardhi anayoijua kuwa na rutuba. Ardhi haikuchoka, ila imebadilika hali yake. Ndiyo maana mtu asipime udongo wakati wa mpunga na kutumia hesabu ile kwa mahindi.

Bonde hili si geni kwa wapimaji. Kati ya mwaka 1955 na 1960 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilichunguza nchi yote ya maji ya mto Rufiji, na Kilombero ni mkono mmoja mkubwa wa mto huo. Udongo ulichunguzwa, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1961. Tunataja jambo hili kwa sababu lilikuja baada ya funzo chungu. Mwaka 1946 ujumbe wa Bwana Wakefield ulizunguka Afrika ya Mashariki kwa majuma tisa tu, na kwa maneno yake serikali ya Uingereza ikaanzisha shamba kubwa la karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Udongo wa Kongwa ukawa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi na kula majembe ya matrekta. Mvua nazo hazikutosha. Kazi ile ikavunjwa mwaka 1951, na hasara yake hutajwa kuwa pauni milioni 36. Wale walikuwa na ndege, matrekta na wataalamu. Sisi wenye mfuko mmoja wa mbolea tuna sababu zaidi ya kuuliza ardhi kwanza.

Tuje katika namna ya kuchukua udongo. Kazi hii ni ndogo, lakini ikifanywa ovyo, kipimo chote ni bure, maana mpimaji hupima kijiko kimoja tu kwa niaba ya ekari nzima. Kwanza, ligawe shamba kwa tabia yake. Sehemu nyekundu mbali, sehemu nyeusi mbali, mteremko mbali, bondeni mbali. Kisha katika kila sehemu tembea kwa kwenda na kurudi kama nyoka, na chimba mahali 10 mpaka 15. Ondoa majani ya juu. Chimba shimo la inchi 8, ndicho kina cha jembe, na kwenye ukuta wa shimo kata kipande chembamba kuanzia juu mpaka chini. Usikwangue juu tu, kwa maana fosforasi ya mbolea za zamani hukaa juu, nawe utajidanganya kwamba una mali.

Pakwepe mahali palipochomwa takataka, palipolala ng'ombe, chini ya mti mkubwa, kando ya njia, na palipokuwa na lundo la samadi. Jivu kidogo tu laweza kuharibu kipimo cha ekari. Vipande vyote viweke katika ndoo safi. Usitumie kamwe mfuko uliokuwa na mbolea, wala ndoo ya kuchanganyia dawa za wadudu. Kisha mwaga juu ya jamvi safi, vunja mabonge, changanya, gawa mafungu manne, tupa mawili yanayotazamana, changanya tena, mpaka ibaki kiasi cha nusu kilo. Anika kivulini. Wachumaji wa karafuu hawahitaji kufundishwa kuanika, ila hapa jua kali halitakiwi.

Andika karatasi kwa penseli, maana wino hufutika kwa unyevu: jina la mahali, sehemu ya shamba, tarehe, kina, zao lililotangulia, zao litakalofuata, na mbolea iliyotiwa miaka miwili iliyopita. Watu huona taabu kuandika hili la mwisho, lakini mpimaji asiyejua hilo ni kama mganga asiyeambiwa mgonjwa amekunywa nini.

Udongo hupelekwa wapi? Mkulima wa Kiberege yuko karibu zaidi na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, ambacho kina maabara ya udongo. Iko pia Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, yenye kituo Ifakara kwa mambo ya mpunga, na kituo cha Mlingano, wilaya ya Muheza, ambacho hufanya utafiti wa mkonge na wa udongo. Ndugu zetu wa Pemba watambue kwamba Mlingano iko mkoa wa Tanga, ng'ambo yao tu. Kwa visiwani, pa kuanzia ni kwa bwana shamba wa wilaya na kituo cha utafiti cha Kizimbani. Ulizeni kwanza gharama na namna wanavyotaka udongo uletwe, msije mkabeba mzigo mkarudi nao.

Hesabu itakayorudi itakuwa na mambo mengi. Tazama mawili kabla ya mengine. La kwanza ni uchachu, unaoandikwa pH. Saba ni katikati. Chini ya hapo ni chachu, juu ya hapo kuna chokaa au magadi. Mahindi hupenda kati ya 5.5 na 7. La pili ni fosforasi ipatikanayo, yaani ile ambayo mzizi waweza kuifikia, si yote iliyomo ardhini. Hapa lazima uulize imepimwa kwa njia gani. Njia ya Bray, iliyotungwa Marekani mwaka 1945, hufaa udongo mchachu. Njia ya Olsen, ya mwaka 1954, hufaa zaidi udongo wenye chokaa. Kila moja hutoa hesabu yake, na hesabu hizo hazilinganishwi. Kwa njia ya Bray, chini ya miligramu 15 katika kilo moja ya udongo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni upungufu. Kwa njia ya Olsen mpaka huwekwa karibu na 10. Mwenye 12 kwa Olsen na mwenye 12 kwa Bray hawako katika hali moja, hata kama karatasi zao zafanana. Tumeona watu wakibishana juu ya jambo hili bure.

Ikiwa hesabu ni ya chini, ndipo ununue. Na ikiwa ni ya juu, fedha ya fosfati inunulie naitrojeni au mbegu bora. Huu ndio faida ya kipimo ambayo watu huisahau: hakimwambii mtu anunue tu, mara nyingine humwambia asinunue.

Mfuko wa DAP umeandikwa 18-46-0. Maana yake katika kilo 100 mna kilo 18 za naitrojeni, na kilo 46 za fosforasi ikihesabiwa pamoja na oksijeni yake. Fosforasi yenyewe ni kidogo chini ya nusu ya hiyo 46. Kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una fosforasi tupu kilo 10 hivi. Mavuno ya tani moja ya mahindi huondoa shambani fosforasi kiasi cha kilo 3 ndani ya punje. Mtu atasema basi mfuko mmoja watosha tani tatu na zaidi. Siyo, maana mwaka wa kwanza mmea hupata sehemu ndogo tu ya fosfati iliyotiwa, na nyingine hubaki ardhini. Iliyobaki haikupotea yote. Mahindi ya miaka inayofuata huendelea kuila kidogo kidogo. Kwa sababu hiyo hapana haja ya kupima kila mwaka. Kila baada ya miaka mitatu yatosha.

Kiasi ambacho hutumika sana kwa ardhi yenye upungufu ni mfuko mmoja wa kilo 50 wa DAP kwa ekari. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari ina mashimo kama 9,000, na kila shimo hupata gramu tano na nusu, yaani kifuniko cha chupa ya soda kilichojaa bila kilima. Tia mbolea shimoni, funika kwa udongo kiasi cha vidole viwili, ndipo uweke mbegu. Mbegu ikilala juu ya mbolea tupu huungua. Na usiinyunyize juu ya shamba zima kama mtu alishaye kuku. Fosfati isiyotembea, ikitupwa mbali na mzizi, haitaufuata. Naitrojeni zaidi, kama urea, hutiwa baadaye mahindi yafikapo magotini. Fosfati peke yake katika ardhi iliyokosa naitrojeni ni kumpa mtu mboga bila wali.

Nchi yetu ina fosfati yake pia. Mwaka 1956 iligunduliwa Minjingu, karibu na ziwa Manyara, nayo asili yake ni mavi na mifupa ya ndege wa ziwa la kale. Uchimbaji ulianza mwaka 1983. Mawe hayo husagwa yakawa unga. Unga huo hauyeyuki kwa maji. Huyeyushwa na uchachu wa udongo wenyewe. Hivyo katika udongo mchachu hufanya kazi vizuri, na majaribio ya magharibi ya Kenya katika miaka ya 1990 yalionyesha hauachwi mbali na fosfati ya kiwandani. Lakini katika udongo usio na uchachu hukaa kama changarawe. Hapa tena kipimo cha pH ndicho kinachoamua, na mkulima asiyekijua huchagua kwa bei tu.

Hilo latuleta visiwani. Udongo wetu una majina yake ya asili, na mwaka 1955 Calton, Tidbury na Walker waliyatumia majina hayo katika uchunguzi wao wa udongo wa Unguja na Pemba, kwani waliona kwamba wakulima walikwisha kuugawa sawasawa. Kinongo, ule mwekundu uliozaliwa na mawe ya matumbawe, kwa kawaida hauna uchachu mwingi. Unga wa Minjingu huko tusiutarajie sana. Udongo wa vilima vya Pemba, unaooshwa na mvua nyingi, ni mchachu zaidi, na unga ule waweza kufaa. Kinamo cha mabonde ya mpunga kina tabia ya mbuga ya Kilombero tuliyoieleza. Lakini jina la udongo ni mwanzo tu wa habari. Kinongo cha jirani mwenye kufuga kuku miaka kumi si kinongo chako.

Tumesikia wazee wakisema kwamba mbolea za chumvichumvi huharibu ardhi, na maneno hayo husemwa Kiberege kama yasemwavyo Wete. Hatuyadharau. Ni kweli kwamba baadhi ya mbolea za naitrojeni, hasa salfati ya amonia, zikitiwa mwaka baada ya mwaka huzidisha uchachu, na uchachu ukizidi fosforasi hufungwa. Mtu akiona mavuno yanashuka huku anatia mbolea, hakukosea macho yake. Dawa yake ni kuijua pH na kurudisha chokaa, samadi au jivu, si kuacha mbolea zote wala kuongeza mfuko wa pili.

Kwa mwenye maabara mbali, iko njia ya kupima kwa jembe. Chagua mahali pa wastani shambani, pima vipande vinne vya hatua 10 kwa 10. Cha kwanza usitie kitu. Cha pili tia naitrojeni tu. Cha tatu fosfati tu. Cha nne vyote viwili. Mbegu moja, siku moja ya kupanda, palizi moja. Weka vigingi, maana kumbukumbu hudanganya, na vuna kila kipande mbali ukipime kwa mizani baada ya kukauka. Kipande cha nne kikizidi cha pili kwa kiasi cha kulipa bei ya fosfati, ardhi imejibu. Kisipozidi, mfuko wa mwakani usinunuliwe. Katika shamba la mikarafuu michanga, vipande hivyo viwe mbali na shina, na jembe lisishuke sana, kwa kuwa mizizi ya mkarafuu inayokula iko karibu na juu.

Wakati mwema wa kuchukua udongo ni kiangazi, miezi miwili kabla ya kupanda, ili majibu yafike kabla ya mvua. Kwa wengi wetu watakaopanda masika, maana yake ni mwezi wa Januari, karafuu za vuli zikiwa zinamalizika na jamvi likiwa bado liko uani.